Karafuu Ndani ya Bahasha za Mwezi

Siku ya arobaini ya marehemu mume wangu, wageni walipokwisha kula na masufuria yalipoanza kusuguliwa uani, mjukuu wangu Holo alilifungua sanduku la bati la babu yake ili tuone nguo za kugawa. Akatoa koti la kazi, akatoa filimbi ya askari wa geti, akatoa tochi isiyo na betri, na chini kabisa akatoa bahasha moja ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akaigeuza. Akaona imefungwa. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kuingia chini ya gundi aliposema, "Bibi, kuna barua humu haijasomwa! Naifungua?" Nilipiga ukelele ambao sikuupiga hata siku ya mazishi. Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria wakaja mbio na majivu mikononi, wakidhani nimeanguka. "Toa mkono!" nikamwambia. "Toa mkono wako hapo, mtoto wewe!" Holo akatoa mkono. Ana cheti cha chuo, ana simu inayoongea, lakini mbele yangu bado anatoa mkono nikisema toa.

Nilikaa juu ya lile sanduku nikaishika bahasha. Kwa miaka mingi nilidhani iko kabatini kwangu, kumbe bati letu lilipoanza kuvuja juu ya kabati, mzee aliihamishia kwenye sanduku lake bila kuniambia. Ndivyo alivyokuwa. Nikainusa. Holo akainama naye akanusa. "Bibi," akasema, "mbona inanukia pilau?" Basi nikamwambia akae chini, na waliokuja na majivu mikononi nao wakakaa, nikawasimulia mwaka ule ambao watu walikanyaga mwezi. Yale niliyowasimulia ndiyo ninayoyaandika hapa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Mambo ya nani alinizaa na nani alikuwa na ng'ombe wangapi nayaacha, hayo watu wanayasimulia sana misibani. Mwaka ule nilikuwa msichana wa kumenya viazi. Nilimenya viazi Mwadui, mji wa mgodi wa almasi, kwenye jiko la nyumba ya wageni, na kabla ya kuona jiko lile sikuwa nimeona maji yanayotoka ukutani. Siku ya kwanza nililifungua bomba, nikalifunga, nikalifungua tena, mpaka mpishi akaniuliza, "Weye, unalikamua?" Mpishi huyo ndiye Mzee Makame. Alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ya kudariziwa aliyoifua mwenyewe kila siku, na mwenye majivuno kuliko jogoo. Chapati hakukubali mtu mwingine azisukume. Alikuwa na kifimbo chake cha kusukumia alichokuja nacho kutoka kwao, na usiku alikifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kiswahili changu alikicheka. Sisi Wasukuma tunakikanyaga Kiswahili kama tunavyokanyaga udongo wa kujengea, na yeye alikisema kama anayepuliza uji. "Sema tena," aliniambia. "Sema 'ndizi'. Hebu sema, watu wafurahi." Nilisema, alicheka, tukamenya.

Jiko lile nalikumbuka kuliko nyumba niliyoolewa. Kulikuwa na jiko la chuma lenye midomo sita, meza ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikawa na bonde katikati, dirisha lililotazama vilima vyeupe vya udongo uliotolewa almasi, na redio ya mbao juu ya kabati la viungo. Kwenye kabati hilohilo, nyuma ya mkebe wa hiliki, Mzee Makame aliweka kisanduku cha biskuti. Nilidhani ni biskuti. Siku moja ya mvua, wageni hawakuwepo, alikishusha akakiweka juu ya meza baada ya kuifuta meza mara mbili. Akaniambia nikanawe mikono. Nikanawa. "Kwa sabuni," akasema. Nikarudi nikanawa kwa sabuni. Ndani mlikuwa na bahasha, hazikufika ishirini, zote zimefungwa, zote zina stempu na mhuri wa posta, na nyingine zina picha pembeni: chombo kama kengele, au nyota, au dunia imezungushiwa kamba. Alizipanga moja moja bila kuziburuza.

"Ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu."

"Barua?"

"Hamna barua. Nimekwambia hamna kitu."

"Sasa mtu anatunza bahasha tupu?"

Akanitazama kama nimetemea mate kwenye mchuzi wake. Kisha akanieleza. Kule Unguja, ndani kidogo ya kisiwa, Wamarekani walikuwa wamejenga kituo cha kusikilizia angani. Mtu alipopandishwa kwenye chombo akaizunguka dunia, alipita juu ya Unguja, na wale wa kituoni walisema naye. Mzee Makame ndiye aliyewapikia. Siku ya chombo kupita, hakuna aliyekula mezani. Aliwapelekea mikate yenye nyama palepale walipokaa na vitu vyao masikioni, akaambiwa aweke sahani asikohoe. Na siku moja, akiwa amesimama na sinia mkononi, alisikia sauti ya mtu yule wa angani ikitoka kwenye chombo ukutani. Kiingereza hakukielewa chote. "Lakini alikuwa anapumua," akaniambia. "Namsikia anapumua, mwanangu. Miye nimesimama na sinia, na mtu yuko juu ya paa la dunia anapumua masikioni mwangu." Kila safari ya namna hiyo, watu wa kituo walipeleka bahasha posta zikapigwe mhuri wa siku ileile, ziwe kumbukumbu, na yeye akapeleka zake. Huo mhuri ndio mali. Bahasha ikikatwa imekufa, kwa sababu siku ile imefungiwa ndani. Baadaye kituo kikafungwa, watu wake wakatawanyika, naye akafuata ajira bara mpaka akafika kwetu. "Leo ukienda pale ni majani tu," akasema. "Nikiwaambia watu nilikuwepo, wanacheka. Hizi ndizo zinazosema nilikuwepo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetazama mwezi maisha yangu yote na hata siku moja sikuwa nimefikiri kwamba juu ni mahali. Kwa bibi yangu mzaa mama, mwezi mwandamo ukionekana, mtoto mchanga alitolewa nje, akainuliwa, akaonyeshwa: huyu hapa, umjue. Nilidhani mwezi unatutazama. Sasa huyu mzee ananiambia kuna watu wako njiani kwenda kuutazama wenyewe, usoni. Nililala nikiwa na kizunguzungu. Nilijisikia kama siku nilipochungulia kisima kwa mara ya kwanza, ila mara hii kisima kilikuwa juu.

Jambo moja alinieleza akijisifu, nami nalisema sasa kwa sababu ndilo lililotaka kumwua. Mpishi ni mpishi. Wenzake walifunga bahasha zao tupu, wengine wakatia kadi ngumu zisipindike. Yeye aliona mende wa Unguja wanavyokula karatasi, akafanya kama walivyofanya kwao na nguo za harusi. Kabla ya kulamba gundi, alitia karafuu ndani. Moja kila bahasha. "Mdudu hasogei," alisema, akanipa mojawapo niinuse. Ilinukia sikukuu. Hakuna mtu mwingine duniani, nadhani, aliyeziwekea safari za mbinguni kiungo.

Mwezi wa saba ulipofika, mahindi yamekwisha kuingia ghalani, ngoma zilianza. Kwetu ngoma ni vita. Makundi mawili hushindana kuvuta watu, na manju anayetunga wimbo mkali zaidi huwaacha wenzake wakicheza mbele ya mbuzi. Jumapili moja nilikwenda kijiji cha Songwa na Mzee Makame, aliyevaa kanzu kwenye vumbi lile na kulalamika njia nzima. Habari za chombo kwenda mwezini zilikuwa zimekwisha kutoka redioni, na manju alikuwa amekwisha kuzitia kwenye wimbo. Aliimba kwa Kisukuma, nami nikamtafsiria mzee sikioni:

*Wanasema wanakwenda mwezini,*
*nani atawapikia ugali?*
*Mwezini hakuna kuni,*
*mwezini hakuna mama wa kusaga!*

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee Makame hakuanguka. Akapiga kelele katikati ya uwanja, "Wana chakula cha kufyonza! Kama dawa ya meno! Nimekiona!" Hapo ndipo kicheko kilipopasuka kweli. Kijana mmoja mrefu, njuga bado ziko miguuni, akatusogelea akasema, "Shikamoo mzee. Na chooni wanakwendaje?" Mzee akajibu, "Marahaba. Wanakusubiri weye uwapelekee ndoo." Kijana akacheka mpaka akashika magoti. Nilimjua kwa sura. Alikuwa Masanja, askari mpya wa geti. Toka siku ile akaanza kupita mlango wa nyuma wa jiko akiomba maji ya kunywa, mtu ambaye kwenye kibanda cha geti alikuwa na mtungi mzima. "Kiu yako ina jina," Mzee Makame alimwambia, naye akanitazama mimi nikatazama viazi.

Asubuhi ile yenyewe tulikuwa jikoni kabla ya jua. Nilikuwa nakoroga uji wa wageni. Redio ikakohoa, ikanyamaza, kisha mtangazaji akasema, kwa Kiswahili chetu hikihiki, kwamba binadamu amekanyaga mwezi. Alisema na kurudia. Mzee Makame alikuwa ameshika yai. Hakuliangusha, hakulivunja, alibaki amelishika hivyo hivyo juu ya kikaango, na machozi yakamtoka bila sauti. Mimi nilikimbia nje. Nilitaka kuuona. Mwezi haukuwepo, ulikuwa umekwisha kuzama usiku, na mbinguni hapakuwa na kitu ila wekundu wa alfajiri juu ya vilima vya mgodi. Nikasimama na mwiko unadondosha uji miguuni mwangu, natazama mahali ambapo mwezi haupo. Uji ukaungua. Ndiyo mara pekee mzee yule hakunigombeza kwa kitu kuungua.

"Kalamu," akasema niliporudi. Alikuwa na bahasha mpya, nyeupe pe. "Huko nyuma walichora wenyewe Wazungu. Leo hakuna Mzungu wa kituoni. Chora weye." Nikamwambia sijui kuchora. "Si ulinionyesha ule ukuta wa kwenu ulioupaka chokaa na udongo mwekundu?" Basi nikachora. Nilichora mwezi nusu, kama kata ya kibuyu, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa jana yake jioni, siyo mduara kama wanavyochora wasioutazama. Juu yake nikachora mtu mdogo mwenye kichwa kikubwa. Chini yake nikachora chungu na mafiga matatu, kwa sababu ya ule wimbo. Mzee akatazama mafiga, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, nao wale washibe." Akatia karafuu. Akalamba gundi. Akaniandikisha jina lake mwenyewe kama mpelekewa, nikatumwa posta ya mgodi nikiwa nimeibeba bahasha juu ya kitabu cha mapishi isipate jasho.

Karani wa posta alikuwa na usingizi. "Inatoka kwa Makame, inakwenda kwa Makame," akasoma. "Huyu mzee akitaka kujisemesha si aongee na tumbo lake?" Nikamwambia achovye mhuri vizuri, aupige mara moja, asiuburuze. "Ee! Na mapishi unayajua wewe, na posta unaijua wewe!" Lakini nikamwambia ni kwa ajili ya wale waliofika leo. Akaacha kucheka. Akauliza, "Kweli wamefika?" Mtu huyo hakuwa na redio. Mimi, msichana wa viazi, ndiye niliyempa habari. Akachovya mhuri, akaupiga kwenye karatasi chakavu kwanza, kisha akaupiga kwenye bahasha taratibu kama anayemwekea mtoto mkono kichwani. Jioni yake mwezi nusu ulikuwa juu kabisa, na Mwadui nzima ilitoka nje. Wachimbaji, wapishi, wake wa mainjinia, walinzi, wote wametazama juu, midomo wazi. Mtu mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Wako pale sasa hivi." Nywele zilinisimama, na zinasimama hata leo nikiandika.

Mwisho wa mwaka kazi ya Mzee Makame ikaisha. Binti yake alimwita nyumbani. Akafunga mizigo siku tatu, na siku ya tatu ndipo nilipokumbuka geti.

Sijui niwaelezeje ninyi ambao hamkuishi humo. Kuingia Mwadui kulikuwa rahisi, kutoka ndiyo kazi. Jiwe moja dogo kuliko punje ya mtama lilitosha kumpeleka mtu jela, kwa hiyo kilichofungwa hakikutoka kimefungwa. Mkate ulikatwa. Kisigino cha kiatu kiligongwa. Sisi wanawake tulifumuliwa nywele na wanawake wenzetu kwenye chumba cha pembeni. Niliona keki ya harusi ikichomwa kwa waya, pande zote, kabla bibi harusi hajaiona. Barua za kawaida zilitoka kwa njia yake, lakini bahasha mkononi mwa mtu, imefungwa, hiyo ilikatwa. Na za mzee zilikuwa na kitu kigumu ndani, kidogo, cha mviringo kichwani.

Nilimfuata Masanja kwenye kibanda. Nilikuwa nimejipaka mafuta. "Kesho mzee anapita," nikamwambia. "Ana kisanduku. Usikikate."

"Kina nini?"

"Bahasha. Za mwezi. Ndani kuna karafuu."

"Umeziona zikitiwa?"

"Moja nimeiona."

"Na nyingine?"

Nikamwambia, "Masanja, hata kwa ajili yangu?"

Akavua kofia yake. Alikuwa na masikio makubwa, na yalikuwa yamelowa jasho. "Kabula," akasema, "kisanduku kile kimekaa jikoni mwaka mzima, na kila mtu anajua mzee haziachi na hazifungui. Kama mimi ningekuwa mwizi, ningeweka jiwe langu wapi? Getini hakuna mjomba. Nikifumba jicho kwa ajili yako kesho, keshokutwa utanipendaje, mtu wa kufumba jicho?" Nilimtukana kwa Kisukuma, tusi ambalo sitaliandika. Lakini njiani kurudi nilipunguza mwendo, kwa sababu lile la mwizi sikuwa nimelifikiri. Watu wangapi walipita jikoni mle? Nilipomwambia mzee, uso wake ukawa wa majivu. "Za kwangu najua ni karafuu," akasema. "Mkono wa mtu mwingine siujui." Kilichomkosesha usingizi sasa hakikuwa bahasha tena. Alikuwa anaogopa jela.

Asubuhi tulisimama kwenye meza ya geti, yeye na kanzu yake, mimi na kikapu chake. Msimamizi wa geti, Bwana Lufega, mtu mfupi mwenye pumzi nzito, akatoa kila kitu. Akagonga kifimbo cha chapati kama kina uwazi ndani. Akafungua kisanduku. Masanja ndiye aliyepapasa bahasha ya kwanza, macho kafumba, kama walivyofundishwa. Nikaona vidole vyake vikisimama. "Kuna kitu," akasema. Hakunitazama.

"Karafuu," Mzee Makame akasema.

"Kila mtu hapa ati hubeba karafuu," Bwana Lufega akasema, akachukua wembe. "Tutaiona hiyo karafuu."

"Bwana mkubwa, ukikata, umeniua."

"Na nisipokata, utaniua wewe. Chagua mzee. Zikatwe zitoke, au zibaki humu."

Mzee akaweka mikono yote miwili juu ya kisanduku. Nyuma yetu foleni imeanza kunung'unika. Wembe uko hewani. Ndipo Masanja akauliza, bila kumwambia mtu fulani, "Karafuu inapondeka?"

"Inapondeka?" nikasema. "Mimi napondaponda karafuu kila Ijumaa ya pilau! Ukiigonga kidogo tu inakuwa unga."

"Almasi haipondeki," Masanja akasema, sasa akimgeukia mkubwa wake. "Tuziponde humohumo ndani. Ikikubali, ni karafuu. Ikikataa, tunakata na tunamshika."

Bwana Lufega akapumua. Akatazama foleni. Akaweka wembe chini. "Nani ataponda?"

Nikachukua kifimbo cha chapati kabla mtu hajajibu.

Masanja aliilaza bahasha juu ya ngazi ya saruji ya kibanda, akautafuta uvimbe kwa kidole gumba, akauweka katikati. Nikapitisha kifimbo juu yake na uzito wangu wote. *Tak.* Harufu ikatoka. Kwenye geti lile la vumbi na mafuta ya magari, harufu ya karafuu ikapanda, na mtu kwenye foleni akasema, "Leo kuna pilau?" Ya pili, *tak.* Ya tatu. Yeye anatafuta, mimi naponda, kama watu waliopika pamoja miaka. Mzee alikuwa ametazama pembeni, anahesabu kwa tasbihi. Tukafika kwenye ile kongwe, ya safari ya yule aliyepumua. Nikapitisha kifimbo. Kimya. Nikarudia. Kimya, na chini ya mti wa kifimbo nilisikia kitu kigumu kinakataa. Bwana Lufega akaweka mkono begani kwa mzee. Mkono mzito. Masanja akapiga magoti kabisa, sikio karibu na ngazi, akapapasa, akapapasa tena. "Imekimbilia pembeni," akasema. "Iko kwenye mikunjo ya gundi, karatasi imerundikana, inailinda." Akaisukuma taratibu kwa ukucha, inchi kwa inchi, mpaka ikafika pa wazi. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa," akasema. Nikaegemea mpaka visigino vikaacha ardhi.

*Tak.*

Bwana Lufega akaondoa mkono. Mzee Makame akaketi chini kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe.

Zote zilikubali. Lakini karafuu ina mafuta, nami sikuwa nimelifikiri hilo. Wakati wa kuzirudisha kisandukuni tukaona kila bahasha imetoa doa la kahawia, dogo, la mviringo, kama jua linalozama. Zilikuwa zimetunzwa safi miaka yote ile. Nikafunika mdomo. Mzee alizitazama moja moja, mbele na nyuma, muda mrefu, foleni ikimsubiri na Bwana Lufega mwenyewe akimsubiri. Kisha akainusa mojawapo. "Haya," akasema, na sauti yake ya majivuno ikarudi yote. "Sasa zimepikwa." Akaitoa ya mwezi nusu, akanipa. "Hii umeichora weye, umeiponda weye. Nikae nayo ya nini?" Nikamwambia siwezi kuichukua. "Chukua. Yule mwenye masikio ni shahidi." Akamwangalia Masanja toka njuga mpaka kofia, ingawa siku hiyo hakuvaa njuga. "Nawe, ukimwoa huyu, usimruhusu apike chapati." Akapita getini. Sikumwona tena. Binti yake aliniletea salamu za kifo chake mimi nikiwa na watoto wawili.

Chapati zangu ni mbaya hadi leo. Masanja alizila miaka yote bila kusema.

Hayo ndiyo niliyowasimulia pale juu ya sanduku. Majivu yalikuwa yamekauka mikononi mwa wanawake. Holo alikuwa amekwisha kutoa simu, akauliza kama nataka atazame humo watu wananunua bahasha kama hizi kwa shilingi ngapi. Nikamwambia hiyo ina doa, weka simu. Akaweka. Nikawaza juu ya mwanamume yule. Maisha yake yote kazi ilikuwa kufungua vilivyofungwa. Alifungua visigino, mikate, makopo ya maziwa, mito ya wagonjwa. Hii moja ilikaa chini ya paa lake, na usiku wa mvua akainuka kitandani kuiokoa isilowe, na hakuifungua, wala hata siku moja hakuniuliza kama tuifungue.

"Njoo," nikamwambia Holo. Nikamvisha koti la babu yake, likamfika magotini. Nikampa bahasha. "Fumba macho. Papasa. Usibonyeze, papasa."

Akapapasa. Vidole vyake vikaenda katikati, vikarudi, vikashuka kwenye pembe, na pale vikasimama, vilevile kama vya babu yake siku ile. "Kuna kitu," akasema. "Kama mchanga. Bibi, ni mchanga wa huko mwezini?" Alikuwa amesikia hadithi nzima ya karafuu, anajua vizuri ni nini, na bado aliuliza, macho kafumba, na uso wake ulikuwa uso wa karani wa posta alipoacha kucheka.

"Umepapasa vizuri," nikamwambia. "Babu yako angekuruhusu upite."